Salamu za shukrani: mwanetu karudi Jambiani

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Familia yetu, ya Jambiani na ya Ng'ambo mjini, inamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumrejesha mwanetu wa miaka 11 baada ya kutolewa kidole tumbo. Kisha tunakushukuruni nyinyi, mliochanga, mlioomba dua na mliokesha na sisi.

Ilianza kwa maumivu ya kitovuni. Tukasema chango hilo, tukampa maji ya tangawizi. Alfajiri akatapika. Mahali pa kwanza tulipompeleka tulipewa dawa ya minyoo, tukarudi. Magharibi maumivu yalikwisha shuka chini ya tumbo upande wa kulia, na homa imepanda. Shangazi yake alikwisha toa mafuta ya nazi amkande, bibi yake akamshika mkono: "Tumbo la namna hii halikandwi." Bibi, deni lako hatuliwezi. Daktari alituambia kidole kilikuwa kimevimba, kimebakisha kidogo kipasuke.

Jirani akawasha gari usiku ule ule, na mafuta hakukubali kulipwa. Hospitalini tulipungukiwa laki saba. Kabla ya adhana ya alfajiri zilikuwa zimetimia! Kina mama wa mwani walituletea fungu zima la upatu, na mwenye zamu ndiye aliyesema lipelekwe kwa mtoto. Wavuvi, maalim wa chuoni, vijana wa timu, Allah akulipeni.

Sasa, wapo waliokuja kumtazama, wakaona vibandiko vitatu tu tumboni, wakaondoka na mashaka. Hatuwalaumu, hata sisi tulitafuta mshono mrefu kama wa ami yake aliyepasuliwa zamani. Mwanetu amefanyiwa operesheni ya matundu. Alilazwa usingizi, tumbo likajazwa gesi ya kabonidioksaidi ili ngozi inyanyuke na madaktari wapate nafasi. Tundu la kitovuni likapitisha kamera nyembamba, mawili mengine yakapitisha vyombo vya kukatia, nao wakifanya kazi huku wanatazama kwenye skrini. Kidole kikatolewa humo humo. Pesa zenu zimefanya kazi hiyo.

Kilichotuchekesha (baada ya kututisha) ni kwamba alipozinduka hakulilia tumbo, alilia bega! Muuguzi akatueleza kwamba gesi iliyosalia huugusa utando ulio chini ya mapafu, na maumivu yake husikika begani. Siku ya pili yakaondoka. Daktari naye, kumliwaza, akamsimulia kwamba mtu wa kwanza anayejulikana kutolewa kidole tumbo kwa upasuaji alikuwa mtoto wa miaka 11 kama yeye, huko London mwaka 1735, zama ambazo hakukuwa na dawa ya usingizi. Tangu hapo anajiita mwenzake.

Hatuwezi kumtaja kila mmoja, na tuliyemsahau atuwie radhi. Ijumaa hii baada ya sala ya alasiri tutakuwa na kisomo nyumbani. Njooni mikono mitupu, mmeshatoa vya kutosha.

Ombi moja kwa vijana wa timu: daktari amekataza mpira hadi atakapomwona tena. Mkimwona uwanjani kabla ya hapo, mkamateni mtuletee.

Baba na mama wa mgonjwa
Jambiani, Unguja