Somo, kuhusu ile nafasi ya Dar

Pangani, Ijumaa usiku

Somo yangu,

Salamu zako nimezipata, na ujumbe wa ile nafasi ya uafisa habari nimeusoma mara tatu. Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa nahariri, na laptopu yangu unaijua: ukiiwekea video ya dakika 6 inanguruma kama mashine ya kukoboa.

Umeniuliza nakula nini huku. Habari ya maandishi nalipwa 30,000, ikitoka. Yenye video 80,000, na miezi miwili yaweza kupita sijaiona. Bodaboda ya kwenda na kurudi shamba 20,000, bando juu yangu. Zinazonilisha ni harusi za watu, somo. Send-off moja inazidi habari tatu, na bibi harusi hakuambii subiri mhasibu arudi likizo.

Ule mpango wangu wa televisheni ya mtandaoni ulikufa 2018, kanuni za maudhui zilipokuja na leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Tangu hapo nawauzia wenye leseni. Na bahasha zipo: unakwenda semina, unasaini, unapewa nauli, kisha habari inatakiwa ifanane na nauli. Miaka yangu miwili ya mwanzo nilizipokea, wewe sikufichi.

Sasa nikueleze kilichonikalia moyoni.

Nilikwenda kupiga video ya maji chumvi. Mto wetu wa Pangani unatoka Kilimanjaro na Meru, kama kilomita 500 hadi hapa, na njiani kila mtu anachota: mashamba, bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale. Kinachobaki ndicho chetu. Mto ukilegea, bahari inapanda nao hadi mashambani, na mpunga hauna ubishi na chumvi, unakauka tu.

Mzee mmoja alinichukua alfajiri. Maji ndiyo kwanza yanaanza kupwa. Akashuka ukingoni, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Bado." Tukakaa. Hakuniongelesha, anautazama mto kama mtu aliyeinjika chungu. Baada ya nusu saa hivi akashuka tena, akaonja, safari hii akameza. "Haya, yamekuwa." Ndipo akaanza kuchota ndoo za kumwagilia bustani, mbio mbio, kabla bahari haijarudi.

Mimi kwa akili yangu nikaona hapo ni pazito, mtazamaji atakimbia. Nikaikata sehemu hiyo yote. Nikabakisha mzee akilalamika, na sauti yangu ikisema bahari imepanda, mabadiliko ya tabianchi, basi.

Kabla sijaituma nikaazima projekta, nikatundika shuka ukutani kwa ofisi ya kijiji. Nilitegemea makofi. Ilipokwisha mama mmoja akainuka: "Mwanangu, bahari umeisema, vizuri. Na huo mto uliopungua, umemuuliza nani? Maji yanachukuliwa huko juu, wewe umesimama huku chini unaisingizia bahari peke yake." Watu wakaguna kumuunga mkono. Yule mzee, kwa upole kabisa, akaniambia: "Umenitoa nalia tu. Kuonja umekutupa. Sasa kuonja ndiyo kazi yenyewe."

Usiku ule sikulala. Nimewahi kukemewa na wahariri, lakini hii ilikuwa nyingine.

Nikaihariri upya, kuonja kote kukarudi, na swali la yule mama likakaa mwisho, bila jibu. Chombo kilichoinunua kilitaka mwanamke anayelia ndani ya sekunde 10 za mwanzo. Sikuwa naye. Wakairusha kwa dakika 2 tu, wakaipachika muziki wa msiba. Ile nzima iko kwenye simu za watu huku, wanarushiana, na kijana wa yule mzee kaionyesha kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji. Sasa nikipita sokoni naulizwa: "Imefika Moshi?" Maana Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, wanaosimamia maji ya mto huu, ofisi zake ziko Moshi.

Haijafika. Kwa hiyo nataka kuipeleka mwenyewe, nikawapigie video na wakulima wa huko juu, nao wana yao ya kusema. Fedha ya basi ninayo, ya send-off ya Jumamosi.

Na ile nafasi, somo, naitamani. Bima ya afya peke yake inanitoa mate. Jino limenisumbua tangu Ramadhani. Waulize kama wanaweza kunisubiri hadi mwisho wa mwezi ujao. Wakikataa, wampe mwingine, tusigombane wewe na mimi.

Ila maiki yako ndogo ile ya kubana kwenye kola, niazime. Yangu inavuma upepo wa kusi tupu, mtu haelewi kinachosemwa. Mpe kondakta wa basi la Tanga, nitaifuata stendi Jumatatu. Na betri zake usisahau.

Nisalimie watoto, na shemeji mwambie deni lake la dagaa nalikumbuka.

Ni mimi, somo yako