Senti sitini zimeninyima usingizi

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi. Za nyumbani nitakupa siku nyingine, leo nina shida. Kimya changu chote hiki ni ile hadithi ya watoto wa New York: sura kumi zimekwisha, ya kumi na moja imenigomea kama wavulana wenyewe.

Unamkumbuka Salvatore, yule wa Sicily niliyempanga chumba kisicho na dirisha kule mtaa wa Lower East Side? Sasa ni Julai 1899, anauza magazeti, moja kwa senti moja. Zamani alinunua mia kwa senti 50. Vita na Hispania vilipokuja mwaka uliotangulia, bei ikapanda hadi 60. Habari za vita zilitoka haraka, ikavumilika. Vita vikaisha, wenye magazeti wengine wakashusha bei, ila Pulitzer na Hearst, matajiri wenye magazeti makubwa ya mji, wakakaza. Tena yaliyobaki hayarudishwi! Mvua ikinyesha, hasara ya mtoto. Ndipo wakagoma.

Mhariri wetu (yuleyule, hajabadilika) anataka washinde. Eti watoto wanapenda ushindi. Lakini haikuwa hivyo! Baada ya wiki mbili hivi bei ilibaki 60 ileile, ila wakubwa wakakubali kuyapokea magazeti yasiyouzwa. Kwangu utamu uko hapo: Salvatore amebeba furushi lililobaki, na kwa mara ya kwanza halimtii hasara. Mhariri anasema nimechoka. Bakari naye anadai... ah, achana na Bakari.

Halafu kuna mama yake. Kiingereza hajui, kila neno anatafsiriwa na mwanawe, na huyo mtundu amemficha mgomo wiki nzima kwa kutafsiri uongo. Nilicheka peke yangu nikiandika. Sasa mgomo umekwisha, lazima amwambie ukweli, na bei ni 60! Atamwambiaje mama anayehesabu senti kwamba tumeshinda? Nimefuta ukurasa huo mara tano.

Nakutumia sura yenyewe. Naomba umsomee binti yako, usimweleze chochote kwanza. Je, atakasirika bei isiposhuka? Atamwelewa mama? Hesabu ya senti itamchosha? Na wewe, ungemwachia Salvatore aseme uongo mmoja wa mwisho? Unaweza kunijibu kabla ya Ijumaa? Na lile koti langu bado unalo?

Wako,
Mwanaidi