Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Daftari la Magitaa na Suala la Rangi za Kiwandani

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha atayaeleza mhazini. Mimi nitasema tu kwamba ada zimekusanywa na hatudaiwi na mtu. Kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa kupitia upya daftari la magitaa ya wanachama, hasa safu ya "rangi ya kiwandani". Safu hiyo ndiyo iliyotugombanisha, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mzozo ulianzia kwenye Stratocaster ya 1962, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, iliyoandikwa kuwa rangi yake ni Ocean Turquoise. Mwenye gitaa alikuwa na kila sababu ya kuandika hivyo, maana ukilitazama unaona kijani cha bahari tupu. Tatizo ni tarehe. Ocean Turquoise iliingia kwenye kadi ya rangi za Fender mwaka 1965, mwaka uleule ambao CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, iliichukua Fender. Katika kadi ya kwanza, ya 1960, haimo. Kamati iliomba ruhusa, ikalegeza skrubu na kuinua bamba la plastiki lililo chini ya nyuzi. Ndani ya matundu ya pikapu, vile vifaa vinavyonasa mlio wa nyuzi, ambako vanishi ya juu haikufika, tulikuta buluu yenye chembe za kung'aa: Lake Placid Blue. Daftari limesahihishwa, na mwenye gitaa amelipokea jambo hilo kiungwana kuliko baadhi yetu tuliokuwa tunabishana pembeni.

Sababu yenyewe inafaa ieleweke na kila mmoja. Fender hawakubuni rangi zao. Walinunua rangi za magari za Du Pont: Duco, ya nitroselulosi, na Lucite, ya akriliki. Fiesta Red ilitoka kwenye Ford Thunderbird ya 1956, Surf Green kwenye Chevrolet ya 1957, Shell Pink kwenye DeSoto ya 1956. Juu ya rangi, mara nyingi ingawa si mara zote, ilipulizwa vanishi angavu ya nitroselulosi, na hiyo hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Manjano juu ya buluu ni kijani, na juu ya nyeupe inakuwa rangi ya malai. Ndiyo maana Olympic White nyingi daftarini ziliandikwa blondi. Kuzitenganisha si kazi ngumu: blondi huacha mistari ya mbao ionekane, Olympic White huifunika kabisa. Wenye magitaa ya Gibson nao wasicheke, kwa sababu Pelham Blue ya zile Firebird za miaka ya 1960 huwa kijani kwa njia hiyohiyo.

Rangi nyingine hazigeuki, zinapotea. Les Paul, magitaa ya Gibson, za 1958 hadi 1960 zilitiwa rangi nyekundu isiyostahimili mwanga, nyingine zimebaki kahawia au manjano ya asali. Fender za mwaka 1959 na 1960 zenye mtindo wa rangi tatu, nyeusi pembeni, nyekundu, kisha manjano katikati, mara nyingi leo zinaonekana kuwa na mbili tu. Inua bamba: nyekundu bado iko pale chini, haijaguswa na jua.

Kuhusu magitaa yaliyopakwa upya, tulinunua tochi ya urujuanimno, aina ileile wanayokagulia noti dukani. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa kijani-manjano chini ya mwanga huo, na mahali palipopulizwa upya huonekana kama doa. Tochi peke yake haitoshi. Tazameni pia vitundu vya misumari ambayo Fender walitumia kulishikilia bodi, yaani mwili wa gitaa, wakati wa kupaka na kukausha, hadi kama 1964. Msumari uling'olewa baada ya rangi kukauka, kwa hiyo kitundu chake hakipaswi kuwa na rangi ndani. Kikiwa kimejaa rangi, ulizeni maswali. Lakini msikimbilie kuhukumu mkikuta rangi nyingine chini ya ile ya juu. Kiwanda chenyewe kilikuwa na tabia ya kuchukua bodi lililokwisha kupakwa rangi za kawaida na kulipulizia rangi maalumu, yaani ile ya kuagiza, juu yake.

Baadhi yenu mliiandikia kamati mkitaka tuwapendekezee fundi wa kuondoa vanishi iliyogeuka manjano, ili buluu irudi kuwa buluu. Tumekataa, na binafsi nilipiga kura ya kukataa bila kusita. Rangi maalumu ilimgharimu mnunuzi wa wakati ule nyongeza ya asilimia 5 ya bei, na wengi hawakuitoa, ndiyo maana ni adimu. Gitaa lililopakwa upya hupoteza takriban nusu ya thamani yake sokoni. Mwenye mali ana haki ya kufanya atakavyo na mali yake, ila chama hakitaweka jina lake kwenye kazi hiyo.

Kamati inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura leo. La kwanza, safu ya rangi igawanywe: rangi inayoonekana sasa, na rangi iliyotoka kiwandani pamoja na picha ya ushahidi kutoka chini ya bamba. Asiye na picha, nafasi ya pili ibaki wazi. La pili, tochi ikae kwa katibu na iazimwe kwa kutia saini, maana mwaka huu ilizunguka mikononi mwa watu hadi tukaitafuta.

Nafasi ya mweka daftari iko wazi baada ya aliyekuwa akiishika kuhamia nje ya nchi. Anayetaka, ajiandikishe kwa katibu kabla ya mapumziko.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti