Waliberali, wahafidhina na mafuta ya boti Ukerewe

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa barua umejaa ubishi kuhusu Wamarekani: kati ya waliberali (wengi wao wa chama cha Democratic) na wahafidhina (wengi wao wa Republican), akina nani wanaijali zaidi nchi yao na dunia? Wengi wanajibu kishabiki, kama Simba na Yanga. Sisi tunafanya kazi kwenye huduma za tiba na matunzo ya VVU katika mialo (fukwe za kushushia samaki) na visiwa vya Ziwa Victoria, na matokeo ya ubishi huo tunayahesabu kwa vidonge.

Hoja inayorudiwa ni kwamba mliberali anawajali walio mbali, mhafidhina anawajali wa nyumbani. Haikutoka hewani. Mwaka 2019 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti ambamo Wamarekani walipewa alama 100 za kujali, wazigawe kuanzia familia hadi binadamu wote, wanyama na hata vitu visivyo na uhai. Waliberali walizisogeza alama zao mbali zaidi, wahafidhina wakazibakiza karibu. Sawa, lakini kugawa alama kwenye karatasi hakumgharimu mtu hata senti. Anayejali ajulikane kwa sheria aliyoipitisha, fedha alizotoa na masharti aliyoyaambatanisha nazo.

Ukipima hivyo, mambo yanachanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Bill Clinton, aliyetoka upande wa waliberali, iliibana Afrika Kusini kwa sababu ya sheria yake ya mwaka 1997 iliyofungua njia ya kupata dawa za bei nafuu, zikiwamo za VVU. Baada ya kelele za wanaharakati, Mei 2000 Clinton alitoa amri ya kuacha kuzibana nchi za Afrika kusini mwa Sahara kwa jambo hilo. Kisha mhafidhina George W. Bush, Januari 2003, akatangaza PEPFAR, mpango wa Marekani wa kusaidia nchi nyingine kupambana na UKIMWI: dola bilioni 15 kwa miaka 5. Waliberali bungeni nao waliupigia kura. Wahafidhina wakapachika sharti kwamba theluthi moja ya fedha za kinga itumike kuhimiza watu kusubiri hadi ndoa, sharti lililoandikwa na watu ambao kambi ya wavuvi hawajawahi kuiona. Lililegezwa mwaka 2008. Januari 2025 serikali ya chama kilekile cha Bush ikasimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na Julai 1 USAID, shirika la misaada la Marekani, ikaacha kutekeleza miradi. Aliyejenga ni mhafidhina, aliyebomoa ni mhafidhina.

Zuio lile halikugusa kila kitu kwa kipimo kimoja. Kibali cha dharura kiliruhusu dawa za kufubaza virusi ziendelee, lakini dawa kinga (za kumzuia asiye na virusi asiambukizwe) zikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Iliyoumia zaidi ni kazi ya kutoka kituoni kumfuata mtu aliko. Na hapo ndipo penye pengo letu. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022/23 ulionyesha kwamba takriban asilimia 83 ya watu wazima wenye VVU walijua hali zao. Kati ya hao 98 kwa mia walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa 94 kwa mia virusi vilikuwa vimefubaa. Ukishampata mtu, mengine yanakwenda. Kazi ni kumpata.

Kwenye mwalo wa dagaa kumpata kunategemea mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi inakaa ufukweni siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kupima. Fedha za mafuta ya boti zikichelewa wiki mbili, timu inafika giza limesharudi: usiku wanaume wako majini, mchana wamelala. Utawapima wanawake wanaoanika dagaa, urudi na nusu ya vitepe vya kupimia, na kwenye ripoti iandikwe "mwitikio mdogo". Mwitikio haukuwa mdogo. Kalenda ilikosewa.

Sampuli nazo zina yake. Kipimo cha wingi wa virusi hufanywa miezi 6 baada ya kuanza dawa, kisha kila baada ya miezi 12. Damu ya kwenye chupa ya kofia ya zambarau inatakiwa itenganishwe plazima (majimaji ya damu) ndani ya saa 24. Upepo ukizuia boti, sampuli imekufa. Kwa visiwa vya mbali ni heri kadi ya matone makavu ya damu: duara zote 5 zijae, kadi ikauke kivulini angalau saa 4, ndipo ifungwe pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kosa la kila mara ni kuifunga mbichi kwa haraka ya kuwahi boti. Na majibu yakizidi nakala 1,000 za virusi kwa mililita, mteja anahitaji vikao vya ushauri na kipimo cha marudio baada ya miezi 3. Asipokuwepo wa kumtafuta, karatasi inabaki kwenye faili.

Mvuvi aliyetulia kwenye dawa na anayehamahama apewe vidonge 180, yaani vya miezi 6, na asafiri na CTC1, kadi yake ya kliniki, ili kituo cha Muleba au Musoma kimpokee bila kumwanzisha upya. (Aifunge kwenye nailoni pamoja na leseni ya uvuvi, kadi iliyolowa haisomeki.) Akikatisha dawa, kwa watu wengi virusi hupanda tena ndani ya wiki 2 hadi 4.

Sasa turudi nyumbani, maana kura za Marekani hatupigi. Mfuko wetu wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI uko kisheria tangu 2015, na bajeti ya 2025/26 ilikuja na tozo kwenye bidhaa na huduma kadhaa, vileo vikiwamo, mgawanyo ukiwa asilimia 70 kwa Mfuko huo na 30 kwa bima ya afya kwa wote. Ni hatua nzuri, ila fedha za Dodoma zinanunua dawa kwa wepesi kuliko zinavyonunua petroli ya kwenda kisiwani wiki ya mbalamwezi. Hiyo ni kazi ya halmashauri, na halmashauri za kandokando ya ziwa zinakusanya ushuru wa samaki na dagaa kwa wavuvi haohao.

Tunaomba waandishi wako, rasimu za bajeti zitakapofika kwenye mabaraza ya madiwani, waulize kama mafuta ya boti na posho za wahudumu ngazi ya jamii vimo kwenye mapato ya ndani, ni lita ngapi, na kwa tarehe zipi za mwezi mwandamo.

Wahudumu wa tiba na matunzo,
Ukerewe, Mwanza