Mwanangu, usiukate wimbo mapema

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na ile mixi yako ya saa nzima, nyimbo ulizoziunganisha kidijei, nimeisikiliza yote. Kwanza kwa simu, halafu kwa spika ya mdogo wako, mpaka jirani akaja kuuliza kwetu kuna shughuli gani. Mama yako aliisikiliza huku anachambua dagaa. Akasema, "Huyu kweli kakufuata wewe," akanyamaza. Sikumuuliza kama hiyo ni sifa au lawama.

Unasema kuna mtangazaji amekualika redioni, atakuuliza umejifunza kwa nani na kwa nini unapenda house, huu muziki wa kucheza wenye ngoma ya mashine isiyoyumba, na unataka nikukumbushe zile kaseti zangu zilitoka wapi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unaniitikia "ndiyo baba, ndiyo baba" huku najua sikio moja lina hedifoni.

Kaseti zilitoka Nairobi. Ziliingia Mwanza na matingo wa malori na vijana waliokwenda Kisumu kufuata biashara. Zilikuwa nakala za nakala, sauti imefifia mpaka matoazi yanasikika kama mtu anakaanga samaki chumba cha pili. Juu mtu kaandika kwa mkono "Disco 89", basi. Jina la mwimbaji hakuna, la wimbo hakuna. Mimi nilikuwa napiga disko Kirumba na Igogo, mchana wa sikukuu disko toto, usiku la wakubwa, na mara nyingi lilikuwa disko vumbi hasa: uwanja, turubai, spika mbili na jenereta. Deki zangu za kaseti hazikuwa na namna yoyote ya kuongeza au kupunguza mwendo. Unatafuta mwanzo wa wimbo, unaitoa kaseti, unairudisha nyuma kidogo kwa kalamu ya Bic, unaichomeka tena, unaisimamisha pale pale pigo la kwanza linapotaka kutoka, kidole kiko juu ya kitufe, unasubiri. Ukiachia nusu pigo kabla ya wakati, uwanja mzima unajikwaa na wewe unamwona kila aliyejikwaa. Nyinyi mna kioo kinachowachorea mapigo. Sisemi ni vibaya, ila kidole changu kilijifunza kusubiri kabla hakijajifunza kitu kingine chochote.

Wimbo ulionipa jina mtaani ni "Pump Up the Jam", wa mwaka 1989, wa kundi la Technotronic la Ubelgiji. Wazee walinisema sana kwamba naleta mambo ya Wazungu. Baadaye video ikatufikia, tukamwona dada mmoja mrembo anaimba, tukampenda. Kumbe yule alikuwa mwanamitindo, kazi yake kufungua mdomo tu. Sauti ilikuwa ya Ya Kid K, binti aliyezaliwa Kinshasa. Yaani nimetukanwa msimu mzima kwa ajili ya Uzungu, na anayeimba ni Mkongo! Yule mama wa Kimarekani, Martha Wash, naye yalimkuta hayo hayo. Sauti yake iliwauzia Black Box na C+C Music Factory nyimbo, kwenye video wakaweka sura nyingine, mpaka akaenda mahakamani kudai jina lake. Nimelirefusha hili kwa sababu ya ule wimbo unaotengeneza na wale vijana wa studio. Makubaliano yawe kwenye karatasi, na jina lako limo, kabla hujasogelea maiki.

Sasa, ukiulizwa house ilizaliwa wapi, usiseme Ulaya. Ni Chicago, Marekani, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Michigan. Mji wa ziwa kama wetu, ila ziwa letu kubwa zaidi: Victoria lina kama kilomita za mraba 68,800, Michigan halifiki 60,000. Hapo ruhusa kujidai kidogo hewani. Mwaka 1977 ilifunguliwa klabu pale inaitwa Warehouse, na jina la muziki wenyewe linatajwa kuwa ni mkato wa jina hilo. Dijei wake alikuwa Frankie Knuckles, kijana mweusi aliyetoka New York. Waliojaa mle walikuwa vijana weusi na Walatino, wengi wao mashoga, watu ambao milango mingine ya mji ilikuwa haifunguki kwao. Najua nchi tunayoishi, na cha kusema redioni utapima mwenyewe. Lakini wewe binafsi ujue kazi inayokulisha ilianzia kwa nani.

Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park huko huko Chicago, mtangazaji mmoja wa redio aliwaita watu waje na santuri za disko ziteketezwe kwa baruti. Ukija na santuri unaingia kwa senti 98. Walijaa, wakalipua, wakavamia uwanja, mechi ya pili ikashindikana. Mle ndani kulikuwa na kijana mweusi anaitwa Vince Lawrence, kazi yake kuwaonyesha watu viti, anadunduliza hela ya kununua kinanda cha umeme. Yeye amesimulia kwamba santuri alizoziona zikiletwa nyingine hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa za wanamuziki weusi tu, basi. Mwaka 1984 kijana huyo huyo akashirikiana na Jesse Saunders kutoa "On and On", ambayo wengi wanaihesabu kuwa santuri ya kwanza ya house. Mimi habari hiyo huwa inanichekesha na kuniuma kwa pamoja.

Na Frankie, santuri mpya za disko zilipoanza kuadimika, akawa anachukua zile za zamani, anazihamishia kwenye utepe mkubwa, anaukata kwa wembe na kuuunga upya ili pale palipo patamu parefuke. Mwimbaji anakaa pembeni, ngoma na besi zinaendelea, watu wanaendelea. Mimi na kalamu yangu ya Bic niliposoma hayo nilijiona nina ndugu. Amefariki mwaka 2014. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Chicago iliupa jina lake mtaa ule uliokuwa na Warehouse, na mmoja wa waliolisukuma jambo hilo alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, Barack Obama. Mtoto wa Mjaluo wa Kogelo! Ziwa hili lina mkono mrefu.

Kuna kisa kingine nataka ukishike kwa sababu kinahusu mixi yako. Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imetoa kimashine kinaitwa TB-303, cha kumfaa mpiga gitaa asiye na mwenzake wa kupiga besi. Kilishindwa kazi. Sauti yake haikufanana na gitaa lolote duniani, kikaachwa kutengenezwa, kikawa kinauzwa mtumba kwa bei ya kutupa. Vijana wa kundi la Phuture la Chicago wakakinunua, wakawa wanachezea vitufe vyake ovyo ovyo, kikatoa mlio wa kujikunjakunja ambao aliyekitengeneza hakuukusudia. Kanda yao wakampelekea Ron Hardy, dijei wa Music Box, klabu nyingine ya Chicago. Inasimuliwa kwamba alipoipiga mara ya kwanza watu waliuhama uwanja. Hakuhangaika. Akairudia baadaye usiku ule ule, akairudia tena, na mara ya nne watu wakapagawa. Mwaka 1987 ikatoka santuri, "Acid Tracks".

Umeona? Mtu alikiamini kitu, akawapa watu muda. Wewe, mwanangu, huwapi muda.

Nakwambia kama baba na kama mtu wa kazi. Uchaguzi wako wa nyimbo ni mzuri kuliko wangu wa wakati wowote. Masikio unayo, besi mbili hazigongani hata mara moja, na hilo hufundishwi na kompyuta. Ila pale katikati, ule wimbo wa kinanda cha polepole wa Larry Heard, yule anayejiita Mr. Fingers, umeutia vizuri sana, besi ikaingia, mtu anaanza kufumba macho, na wewe tayari umeshausukumia mwingine. Haukumaliza hata dakika mbili. Piga hesabu. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, fungu la mapigo 32 ni sekunde 16 tu. Mwilini mwa mchezaji sekunde 16 ndiyo kwanza kiuno kinasikia habari. Mafungu manne ndiyo dakika moja na kidogo, hapo sasa ameanza kuamini. Wewe unamnyang'anya. Nadhani ni hizi video fupi za simu. Dijei siku hizi anaogopa watu wakichoka watateleza kidole. Mtu aliyelipa kiingilio na kupanda bodaboda usiku hatelezi kidole popote.

Mimi hilo sikulijifunza kwa Mmarekani. Unakumbuka nilivyokuwa nakupeleka Kisesa, pale Bujora, wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, mwezi wa sita? Bagika upande huu, Bagalu upande ule, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wote wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji mwenye karatasi; watu wanahama kwa miguu yao. Wewe ulikuwa unapenda wale wanaocheza na nyoka, unalia tukiondoka. Mimi nilikuwa namwangalia mpiga ngoma. Watu wakianza kuchungulia upande wa pili, mpigaji mchanga anaongeza kasi na kelele. Mkongwe habadili pigo. Analishikilia lile lile, anaongeza kitu kidogo juu yake, njuga zinaitika, na wale waliokuwa wameanza kuondoka unaona mguu unasita. Na bugobogobo ni hivyo hivyo: ngoma ya watu wa jembe, pigo haliyumbi kwa sababu mstari mzima wa majembe unalitegemea. Babu yako alilima kwa pigo hilo. Siku niliposikia ngoma ya house inagonga moja, mbili, tatu, nne bila kuyumba, sikuona ugeni wowote.

Na rumba usiidharau. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ni darasa lako. Franco anaimba taratibu, anakulalamikia mambo yake, halafu gitaa linachukua na hakuna anayetaka kurudi kwenye maneno. Akaja Kanda Bongo Man akaona kwa nini kusubiri, akaanza na sebene moja kwa moja, na mtindo wake wa kwasa kwasa ukatushika Mwanza nzima. Nilikuwa naweka sebene refu, halafu chini yake naanza kupandisha house pole pole, na wazee walioapa hawachezi Uzungu wanajikuta wako ndani. Hawakuniona nilipovuka.

Wasauzi nao wamo, usiwasahau. Sisi tuliwapokea na Yvonne Chaka Chaka na Brenda Fassie, kisha wao wakaichukua house, wakaipunguza mwendo, wakaimba kwa lugha za mitaani kwao, ikawa kwaito. Kutoka huko hadi dijei wao Black Coffee, hadi hii amapiano yenu, ni ukoo mmoja. Amapiano naipenda, ina subira, inacheza kwenye mapigo 110 na kitu na haioni haya kukaa kimya. Singeli ya Dar inapita mapigo 200, na nakiri kiuno changu kimestaafu, lakini wale vijana wa Manzese na Tandale walifanya kama Phuture: walichukua kompyuta za kawaida wakatoa kitu ambacho hakikuwepo. Walipokelewa vizuri Nyege Nyege, tamasha lililoanzia Jinja, pale Nile inapotoka kwenye ziwa letu. Wakikuita huko nenda, hata kwa nauli yako.

Kwa hiyo mtangazaji akikuuliza, mtaje Frankie, mtaje Larry Heard, na mtaje pia mpiga ngoma wa Kisesa. Akicheka, mwache acheke mpaka amalize, uendelee.

Kuhusu masikio: nunua vizibo, vaa. Mimi sikio la kushoto, lile lililokuwa upande wa spika, linapiga mluzi kila nikilala, na halikuomba ruhusa.

Mama yako anauliza utakula nini kwanza ukifika. Nimemwambia sato wa kuchemsha na ugali wa udaga, kama umebadilika useme mapema. Mdogo wako anataka ile flash ya nyimbo. Usimpe mpaka mitihani ya kidato cha nne iishe. Na ukipata sindano ya mashine ya santuri huko Dar, niletee, iliyopo imekwisha. Basi likishapita Usagara nipigie, nitakuwa nakusubiri stendi Nyegezi.

Baba yako