Farasi Kwenda Upande Si Sarakasi

Ndugu Mhariri,

Tangu Olimpiki ya Paris 2024, ambapo farasi walishindana katika viwanja vya kasri la Versailles, nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba farasi wa dresaji (mchezo wa kuonyesha utiifu na mwendo wa farasi aliyefunzwa) anapokwenda upande anachezeshwa dansi ili kuwafurahisha majaji. Naomba nafasi niipinge kauli hiyo, kwa kuwa inawapotosha hata vijana wanaojifunza kupanda.

Zoezi hili la kwenda upande, yaani kuleta mabega ya farasi ndani, kuelekea katikati ya uwanja, ni la kale kuliko mashindano hayo. Mwingereza William Cavendish, bingwa wa upandaji wa karne ya 17, alilifanya kwenye duara, na mwalimu wa upandaji wa Kifaransa François Robichon de La Guérinière, aliyeandika mwaka 1733, akalihamishia kwenye mstari ulionyooka kando ya ukuta. Sababu yake imo katika umbo la mnyama mwenyewe: mabega ya farasi ni membamba kuliko nyonga zake, kwa hiyo akitembea kando ya ukuta huliweka bega la nje sambamba na nyonga ya nje, na mwili mzima ukaenda mshazari. Mpandaji anapoyaleta mabega ndani kwa nyuzi kama 30, farasi akiwa amepinda kidogo kuuzunguka mguu wa ndani wa mpandaji, mguu wa nyuma wa ndani hukanyaga chini ya tumbo na kubeba uzito ambao kwa kawaida ungeukwepa.

Wengi huharibu kwa mkono. Wakivuta hatamu ya ndani, shingo peke yake hupinda, bega la nje huponyoka, kichwa huinama upande hata sikio moja likawa chini kuliko jingine, na mapigo ya mwendo (mpangilio sawa wa hatua) hupotea. Hatamu ya ndani kazi yake ni kuelekeza tu. Ya nje ndiyo inayolizuia bega, na msukumo hutoka kwenye mguu wa mpandaji karibu na mkanda wa tandiko. Farasi mchanga aanzie mwendo wa kutembea, akitokea kwenye duara lenye kipenyo cha mita 10. Akitoa hatua tatu au nne njema, anyooshwe, aachwe aende mbele, na asifiwe.

Wapo walimu (na hawa ndio wanaonikera zaidi) wanaomtoa mwanafunzi kwenye zoezi jepesi la farasi kusogea upande akiukwepa mguu wa mpandaji bila kupinda mwili, wakamrusha moja kwa moja hadi kukata uwanja mshazari huku farasi amepinda kuelekea anakokwenda. Zoezi hilo la pili ni gumu mno kwa mnyama ambaye hajajifunza kuleta mabega ndani, naye huvuta nyonga nyuma au hukimbia, kisha hupigwa kwa kosa ambalo si lake.

Kwa hiyo waandishi wenu wa michezo, badala ya kushangilia miguu inavyopishana, watazame kama mapigo ya mwendo yanabaki yale yale farasi anapoingia katika zoezi na anapotoka.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa kupanda farasi