Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mpapindi na Vitalu Vyetu

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Kwa heshima nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wenye vitalu vya miche hapa Pemba. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nitasema zaidi juu ya mpapindi, mti wa jamii ya mnazi, kwa kuwa ndio uliotushughulisha mwaka mzima, na ndio uliotutia aibu.

Mpapindi ni mti wa kwetu hasa. Haujioteshi wenyewe popote duniani isipokuwa kisiwani humu, na makao yake makubwa ni msitu wa Ngezi, ilhali jamaa zake karibu wote wako Bukini, yaani Madagaska, na wachache Komoro. Wataalamu waliupa jina la Chrysalidocarpus pembanus mwaka 1962, wakauhamishia jenasi (kundi la mimea jamaa) ya Dypsis mwaka 1995, kisha mwaka 2022 wakaurudishia jina lake la kwanza. Kwa hiyo anayekuta majina mawili vitabuni asidhani ni miti miwili.

Aibu yenyewe ni hii. Mteja aliyeomba mpapindi aliuziwa na mmoja wetu mche wa asili ya Bukini, ule wa mapambo unaopangwa kwenye vibaraza vya hoteli. Aliurudisha, akatuonyesha vikonyo vya majani vilivyo vya manjano, na haki ilikuwa yake. Matunda nayo hayafanani: ya mpapindi huiva yakawa mekundu, ya mwenziwe huwa ya manjano. Kamati imeamua kila kiriba, yaani kimfuko cha mche, kiandikwe jina la mti na mahali ilikotoka mbegu.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Mbegu za kwanza, tulizoziokota chini ya miti kwa ruhusa ya wasimamizi wa msitu, nilishauri zianikwe juani juu ya jamvi, kama tunavyoanika karafuu. Zilikufa karibu zote, maana mbegu hizi hazivumilii kukauka. Awamu iliyofuata tulizifikicha kwa mchanga mpaka nyama ikatoka, tukaziosha na kuzisia siku ile ile penye kivuli, tukawa tunamwagilia bila kukosa, hata wale waliokwisha kukata tamaa. Asubuhi moja, baada ya kungoja sana, nilikuta ncha ya kijani imechomoza kwenye mchanga, nyembamba kama sindano ya kushonea kofia.

Miche hiyo haitauzwa mwaka huu. Itakapokuwa tayari kuhamishwa watagawiwa wanachama wenye vitalu vya kivuli, na mwenye kitalu cha jua tupu atangulie kujenga kichanja cha kivuli.